Migomba Kumi na Minne

Hati ya mashtaka ilikuwa fupi. Kuharibu mali kwa makusudi, kinyume na kifungu cha 326(1) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Migomba 14, mali ya mlalamikaji. Mlalamikaji na mshtakiwa walikuwa wa tumbo moja.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kosa hili lilinichosha kuliko wizi na ugomvi wa vilabuni. Watu wakisikia uharibifu wa mali hufikiria transfoma zilizofyonzwa mafuta na nyaya za shaba zilizoishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hizo hazikuja kwangu. Anayehujumu miundombinu anaweza kujikuta kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na humo kesi haisikilizwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwangu zilikuja nyua, mabati, mifereji iliyozibwa usiku, na migomba. Migomba hasa.

Kifungu kinataka mambo mawili: kitendo kiwe cha makusudi, na kiwe bila haki. La kwanza halikuwahi kuninyima usingizi. Hakuna anayeangusha migomba 14 kwa panga kwa bahati mbaya. Kazi iko kwenye la pili. Kifungu cha 9 cha Kanuni hiyohiyo kinamwondolea hatia aliyegusa mali akiamini kwa dhati kuwa ana haki nayo. Kwa dhati tu. Si lazima awe sahihi.

"Mheshimiwa, kaka amehamisha masale ya baba," mshtakiwa alisema. "Ile migomba iko kwenye kihamba changu."

Kwetu mimea ya masale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Ukiyang'oa, umechana hati. Lakini nani kayang'oa, hilo mahakama yangu haikuwa na mamlaka ya kuliamua: tangu sheria ya mwaka 2002 migogoro ya ardhi ina mabaraza yake, kuanzia kijiji hadi wilaya. Huko shauri linaweza kula miaka. Ukienda polisi na neno "kaniharibia mali", ndugu yako analala ndani jioni hiyohiyo. Nadhani nusu ya kesi zangu za kifungu hicho zilikuwa kesi za ardhi zilizovaa kanzu ya jinai, na waliozileta walijua.

Nami nilijua, na bado nilimtia hatiani. Afisa ugani alikuwa ameleta tathmini yenye muhuri, mikungu ilikuwa karibu kukomaa, mlalamikaji alilia kizimbani. Mmoja wa wazee washauri aliuliza swali moja: "Nani aliipanda?" Nikamjibu kwamba hilo si suala lililo mbele yetu. Ndilo lililokuwa suala lenyewe.

Kifungu kinaruhusu hadi miaka 7, ila mahakama ya mwanzo haivuki miezi 12. Nikampa sita, na fidia juu. Akakata rufaa. Mahakama ya wilaya ilifuta hukumu yangu kwa kurasa mbili: nani mmiliki kwanza, jinai baadaye. Mahakama Kuu ilishalisema hilo miaka mingi nyuma, tena nilikuwa nimelisoma. Mtu yule alikuwa ameshakaa gerezani miezi mitatu.

Tangu hapo, kabla sijamsikiliza shahidi wa pili, niliuliza wote wawili mpaka uko wapi na nani aliuweka. Makarani waliona nawachelewesha.

Kwa Wachaga jani la sale lililofungwa fundo ndilo la kuombea msamaha, na si rahisi kulikataa. Baada ya kustaafu nilikata moja uani kwangu, nikampelekea mtu yule niliyemfunga. Nilimkuta akichanja kuni. Aliniamkia, akalipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye paa juu ya mlango. Tukakaa.

Nilimuuliza baraza la ardhi limefikia wapi. Akasema bado wanapangiwa tarehe. Kisha akanyanyua kidole kuelekea ng'ambo ya mfereji: machipukizi ya ile migomba niliyomfungia yalishakuwa makubwa, na mawili yalikuwa na mikungu.

"Kaka anavuna," akasema.