Barua kutoka Mpanda, mwisho wa reli

Shangazi yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, ila vumbi la mwezi wa nane limenipa mafua. Nimefika Mpanda kwa treni kama ulivyonisihi. Kila niliyemuaga pale Tabora alinishangaa: panda basi bwana, lami ya kupitia Koga imekamilika, utafika mapema. Nikawajibu kwamba ninakwenda kuitazama stesheni, na stesheni haitazamwi kwa basi.

Ukitoka Tabora unafuata reli ya Kigoma hadi Kaliua. Hapo ndipo tawi letu linapochepuka kuelekea kusini, kilomita 210 za miombo, mto Ugalla ukiwa njiani. Behewa la daraja la tatu lilikuwa limesheheni. Pembeni yangu alikaa mfanyabiashara wa asali na madumu yake matupu, yakigongana usiku kucha kila treni ilipotikisika. Kulipopambazuka nilifungua dirisha, na moshi ukaingia kabla ya hewa. Msitu ulikuwa unaungua huko mbali, kama unavyoungua kila kiangazi, na jua lilikuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho.

Katumba treni ilisimama na akina mama wakaizunguka kwa mabeseni ya karanga, ndizi na mihogo ya kuchemsha. Unakumbuka watu walivyokuwa wakiiita kambi ya Warundi? Walikimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa msitu na majembe, na mwaka 2014 Serikali ikawapa uraia zaidi ya 160,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliozaliwa hapo ni watu wazima sasa, wenye wajukuu. Mazao yao yamepanda treni hii miaka nenda rudi.

Halafu Mpanda. Reli inaishia hapo, haina pa kwenda tena. Stesheni ni ndogo kuliko nilivyoijenga kichwani kutokana na simulizi zako, lakini treni ilipofika ilijaa watu kwa dakika chache tu: wapokeaji, wapagazi, bajaji, bodaboda, na kuku wakitolewa madirishani wakiwa ndani ya matenga. Nilikaa hadi umati ulipopungua, nikapata bahati ya kukutana na mzee mmoja aliyekulia hapa enzi za mgodi. Nilipomtajia kwamba babu alikuwa mtu wa gengi la kutunza reli, alinishika mkono na hakuuachia kwa muda.

Wewe unajua, lakini wajukuu zako hawajui, kwamba reli hii haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Ndani ya madini hayo mlikuwa pia na shaba, fedha na dhahabu. Treni zilianza kufika mwaka 1950. Risasi iliyokwisha kusagwa na kuchujwa ilipakiwa hapa, ikapitia Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam, ikavuka bahari. Huko nyuma Wajerumani walipofikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, pande hizi zilibaki za watu wa miguu. Madini ndiyo yaliyoleta reli, na reli ndiyo iliyoleta mji.

Mzee alinieleza habari za moshi. Reli ya Kati ilitumia kuni za miombo kwa miaka mingi, na injini ya kuni, anasema, ilikuwa inatema cheche. Ukikaa karibu na dirisha shati linatoboka. Majani ya kando ya njia yalikuwa yakishika moto, ndiyo maana gengi hawakupumzika kufyeka. Akina mama wa nyumba za reli walijua mlio wa treni kwa mbali na kukimbilia kuanua nguo kabla masizi hayajatua. Kanzu ya Ijumaa, anasema, hukuthubutu kuivaa stesheni. Alinionyesha kwa kiganja jinsi masizi yalivyoganda ukutani, akifuta ukuta ambao leo ni safi.

Na moshi si jambo dogo: mwezi Desemba 1952, mgodi wetu ukiwa kazini, London ilizamishwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano na maelfu ya watu wakafa. Miaka minne baadaye Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Moshi wa Mpanda haukuwa mkubwa kiasi hicho. Mji ulikuwa mdogo na upepo wa nyika ukiutawanya. Kinachoniuma mimi ni vumbi la risasi. Mzee anakumbuka wakiwa watoto walicheza chini ya mabehewa ya risasi, wakiokota vijiwe vinavyometameta. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya stesheni hii, na lingepaswa kusimuliwa pamoja na utamu wa honi na mvuke.

Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Fikiria, Shangazi: kilomita zote zile, madaraja yote yale, kwa kazi ya miaka kumi. Ingekuwa rahisi kung'oa reli na kuondoka. Lakini kulikuwa tayari na watu wenye mpunga, asali, tumbaku na dagaa wa ziwani Karema, tena masika barabara zilikuwa hazipitiki hata kwa lori. Wao ndio walioihalalisha njia hii. Mimi nasema bila kusita kwamba reli ya Mpanda ni mali ya abiria wa daraja la tatu kuliko ilivyowahi kuwa ya mwenye mgodi.

Sasa kuna mpango wa kuleta reli ya kisasa kutoka Kaliua hadi hapa, iendelee hadi bandari ya Karema, ng'ambo ya ziwa kutoka Kalemie nchini Kongo. Nauombea utimie. Mpanda haitakuwa tena mwisho wa reli. Ila reli mpya huja na stesheni mpya, na majengo ya zamani hubomolewa siku ambayo hakuna anayejua yalikuwa ya nini.

Kwa hiyo nina ombi. Aliyekuwa na miaka kumi mgodi ulipofungwa leo amevuka sabini, na walioendesha zile injini wengi wametangulia. Wewe na wenzako mliozaliwa kwenye nyumba za reli ndio mliobaki. Kaa na wajukuu, wakurekodi kwa simu: nani alikuwa mkuu wa stesheni, nani mnyapara wa gengi, nyimbo gani ziliimbwa wakati wa kunyanyua mataruma, nani aliugua. Na zile picha za babu usiziache kwenye sanduku. Zipigishe nakala, unitumie mimi moja na nyingine nitaipeleka Mpanda mwenyewe.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao