Kimya cha Ukaguzi
Shelmith Kariuki alipoyatia matokeo ya Sensa ya Kenya ya 2019 katika rKenyaCensus, kifurushi cha programu ya takwimu iitwayo R, Kisii (watu 1,266,860) na Nyamira (watu 605,576) zilikuwa kaunti mbili tu miongoni mwa 47. Ukaguzi wa R hutoa kauli za aina tatu: kosa, onyo na dokezo. Mabano yasiyofungwa huyanasa mara moja. Lakini idadi za majirani hawa zikibadilishana nafasi, hunyamaza, isipokuwa mtunzi ameandika jaribio lake mwenyewe. Na mgao wa fedha za kaunti hutegemea idadi hizo! Wapo wanaofunika kila kosa ili kazi isikwame. Huko si kulishughulikia. Ukaguzi na uendelee kwa kaunti zilizobaki, ila Nyamira iliyokosewa itajwe kwa jina.