Ruzuku ya sola haijui mpangaji

Watu wangu wa Eldy, leo tuongee stima.

Hapo Kesses, ndani ya Uasin Gishu yetu, kuna shamba la sola la megawati 40. Paneli zimejipanga kama mahindi. Umeme wake unaenda kwa gridi ya taifa. Lakini stima ikipotea saa mbili usiku huku Langas, mimi na-edit video na simu iko asilimia 9, na kinyozi wa chini anamwambia kastoma arudi kesho na kichwa nusu.

Halafu mtu anakwambia, "Si uweke tu sola?" Sawa boss, tuangalie serikali inasaidia nani.

Kwanza, ushuru. 2020 serikali ilirudisha VAT kwa vifaa vya sola. Watu wakalalamika, 2021 ikatolewa tena. Poa sana, ila punguzo ya VAT inakusaidia tu kama tayari uko na pesa ya kununua. Kama huna, asilimia ya kitu huwezi kununua ni sufuri.

Pili, KOSAP, mradi wa serikali na Benki ya Dunia, dola milioni 150. Ulipangwa kupeleka sola kwa kaunti 14, kama Turkana na West Pokot. Sina wivu, wallahi. Kuna boma huko hazijawahi kuona nguzo ya stima. Wao ndio wa kwanza, na iwe hivyo. Lakini Uasin Gishu haimo, na hesabu ya kaunti haioni bedsita ya Huruma.

Tatu, kanuni za 2024 zinakuruhusu kurudisha umeme wa ziada kwa gridi. Ukituma uniti mbili, unahesabiwa moja. Tuseme ni dili nzuri. Inahitaji nini? Paa. Na paa ni ya landilodi.

Nilimuuliza wangu kama naweza kuweka paneli moja ndogo. Akaniangalia: "Kijana, ukihama, hayo mashimo kwa mabati yangu utaziba na nini?" Na hajakosea! Yeye hafaidiki na chochote, tokeni nanunua mimi.

Hapo ndipo shida iko. Mwenye paa hana sababu ya kuweka, mwenye shida hana paa. Kwa hivyo ruzuku impate landilodi, kwa masharti: weka sola kwa ploti, taa za ngazi na choo ziwake, kila nyumba ipate angalau pa kuchajia, na rent isipande juu ya hiyo. Akikataa masharti, hapati kitu.

2027 wataingia Langas, Huruma na Munyaki na magari ya spika. Usiitishe tishati. Muulize mgombea: mpango wako wa sola kwa mpangaji ni gani? Akianza kucheka, ushajua.