Mti Namba 114

Kwa miaka tisa niliingia msitu wa Magamba nikimfuata mzee mmoja, na mpaka leo mgongo wake naukumbuka kuliko uso wake: koti la mvua lililopauka, panga kwenye ala, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata siku jua lilipojitokeza. Lushoto kuna baridi, kila mgeni anayepanda kutoka Mombo hulijua hilo. Juu Magamba baridi hiyo ina ukungu ndani yake. Mwezi wa saba, saa tisa mchana, humwoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Nilikuwa nasikia panga tu, na baada ya panga, jina la mti.

Kazi yetu ilikuwa kama sensa. Unavuta kamba, mita 50 kwa mita 20, halafu kila mti uliomo wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 10 kwenye kimo cha kifua unapimwa, unapigiliwa kibati chenye namba na kuandikwa jina. Kupima anaweza yeyote. Jina ndilo kazi. Darasani nilifundishwa kuutambua mti kwa ua na tunda. Msituni ua liko mita 30 juu ya kichwa chako, na aghalabu si msimu wake. Kinachobaki mbele ya macho ni shina, na mashina ya huko juu yote yamejifunika shuka moja ya kijani.

Mzee hakuhangaika kutazama juu. Alichanja gome kwa ncha ya panga, kidonda cha ukubwa wa ukucha, akaangalia rangi ya ndani, akangoja aone kama utomvu utatoka, akainama akanusa. Kisha alitaja jina kwa Kisambaa, nami niliandika. Mshai. Mkulo. Mkulo niliushika siku ya kwanza, kwa sababu gome lake linanuka kafuri, na mimi nimekulia Tanga mjini, kwetu kafuri ni harufu ya maiti aliyekwisha oshwa. Nilimwambia, "Mzee, huu mti unanuka msiba." Alicheka mpaka akaegemea panga. Akanivuta mkono kunionyesha kisiki kilichooza, kimezungukwa na vijiti vyembamba vilivyochipuka mizizini, maana mkulo hutegemea machipukizi ya mizizi kuliko mbegu. "Baba kafa," akasema, "watoto wamekaa matanga. Wewe wapime tu."

Mikulo mikubwa ya Usambara iliisha kwa msumeno, sawa na miangati, ile ambayo wasomaji wa Kenya huiita mitarakwa. Zama za Wajerumani ulifungwa waya wa kushushia magogo kutoka Shume hadi Mkumbara, kule bondeni inakopita reli ya Tanga. Hekta zaidi ya 9,000 zilizobaki Magamba leo ni hifadhi, na ndani yake bado unaingia kwenye mashimo ya wapasua mbao wa zamani. Hasara ya namna hiyo inahesabika. Visiki vina vipenyo. Mtaalamu wa mimea akipewa visiki na utepe wa kupimia, atakupa jibu kufikia Ijumaa.

Ipo hasara nyingine ambayo sikuwa na utepe wake.

Sisi tukichuma tawi hatuchumi moja. Tunachuma matatu au manne ya mti uleule, tunayalaza kati ya magazeti, tunayabana kwenye presi ya mbao na kuyakausha. (Magazeti ya zamani ndiyo bora, hunywa maji vizuri. Niliwahi kukuta jani langu limeacha alama ya mishipa yake yote juu ya picha kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo.) Tawi moja linabaki hebaria ya Lushoto, jingine linakwenda Hebaria ya Taifa kule Arusha, jingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunayaita nakala. Sababu yake anayeijua vizuri ni mtu wa Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani aliyeitwa Carl Holst alikusanya mimea Mlalo na kwingineko katika milima hii, akaipeleka Berlin, na mingi ilipewa majina ya kisayansi kutokana na vielelezo vyake. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia jumba la hebaria ya Berlin, mitaa ya Dahlem, na sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa ikateketea. Iliyosalimika kwa wanasayansi ni ile ambayo nakala zake zilikuwa zimekwisha gawiwa Kew, London, na kwingineko. Kielelezo kimeungua, ndugu yake yupo kabatini katika nchi nyingine, maisha yanaendelea. Waliompeleka Holst msituni na kumwonyesha njia sijawahi kuona nakala yao popote.

Hata ua letu maarufu limenusurika kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua la zambarau la mwambani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Leo lina nakala za mamilioni madirishani Ulaya na Marekani, huku lile la asili likishikilia miamba yenye kivuli, bonde hili moja, bonde lile moja. Mwaka 2015 wataalamu waliliondoa kwenye ukoo wake na kulihamishia Streptocarpus. Nilimweleza Mzee habari hiyo tukiwa tunakula mihogo ya kuchemsha juu ya gogo. Alitafuna kwanza, akameza. "Majina yenu yana miguu," akasema. "Yetu hayajahama."

Namba 114 tuliupigilia kibati mwaka wa saba wa kazi yetu. Shina lina mbavu chini, gome la ndani ni la manjano na likikaa dakika mbili hugeuka rangi ya chai ya rangi. Mzee alichanja, akanusa, akachanja tena upande wa pili. Hakuwa na kawaida ya kurudia. "Huu babu alikuwa akiutaja," akasema hatimaye. "Alichukua mizizi yake kwa ajili ya kazi fulani. Ngoja, litakuja." Nikaandika "haijatambuliwa", tukaenda namba 115. Kila tulipopita pale aligusa kile kibati kwa kidole kama mtu anayemgongea jirani, akasema bado.

Miaka miwili baadaye, Jumatano moja ya mwezi wa nane, nilikuwa mezani nahamisha tarakimu za ploti kwenye kompyuta. Simu nilikuwa nimeizima sauti. Jioni nikaona kwamba Mzee alipiga saa nne asubuhi, mara moja tu. Alikuwa hapigi simu ovyo. Vocha kwake ilikuwa jambo la kufikiriwa. Nikasema nitampigia kesho. Kesho yake nilisafiri, keshokutwa nikasahau, na siku ya kumi mwanawe ndiye aliyenipigia.

Nilifika wakati wanawake wanatandika mikeka na maji ya kuoshea bado yamo ndani. Upepo ulipogeuka ukaleta kafuri mpaka pale nilipokaa chini ya mti wa parachichi, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukafikiri niko Magamba. Nikageuza kichwa kutafuta shina. Nililia hapo, si kabla. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu alinipa ncha ya kanga yake, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Sikupata neno lake. Mwanafunzi ningesema, lakini hakuna aliyenijua hivyo. Pale kijijini nilikuwa yule dada wa miti.

Wasambaa wana usemi, kuzifya shi, kuiponya nchi. Zamani ilikuwa kazi ya watawala wa Vuga na mvua zao. Watu wa fani yangu hupenda kuutumia usemi huo kwenye hotuba za kupanda miche. Mimi naogopa kuutumia. Madaftari yangu yana majina 212 ya Kisambaa kutoka kinywani mwake, na nilikuwa najivunia hesabu hiyo mpaka nilipokaa kuyasoma tena na kuona nilichokiacha: mti gani unawashwa mtoto akizaliwa, gani haupelekwi nyumbani, gani babu yake aliuchimba usiku na kwa nini. Nilikuwa nauliza jina, napewa jina, nageukia mti mwingine. Tulikuwa na ploti za kumaliza. Mawe yamewekwa pembeni mwa kila ploti ili wajao waipate. Kwake yeye sikuweka jiwe.

Huenda alipiga kunitajia jina la ule mti. Huenda alitaka hela ya dawa, au kuniuliza lini tunapanda. Mwanawe hajui, na yeye miti haijui, ni fundi pikipiki Soni, kijana mzuri.

Mwezi wa pili uliopita namba 114 ulichanua, maua madogo meupe, mengi kiasi cha kuanguka kwenye kamba yetu. Kijana wa msaada alipanda, tukachuma matawi manne. Jina la kisayansi nimekwisha lipata, na haikuchukua hata siku mbili. Nakala zimekwenda Arusha na Dar es Salaam, mbili zimebaki Lushoto. Kwenye kila kibandiko kuna mstari wa jina la kienyeji, na katika vyote vinne nimeuacha wazi. Kama kwenu Mlalo, Mlola, Bumbuli au Mtae yupo babu au bibi anayeujua mti wenye mbavu, wa gome la manjano linalogeuka rangi ya chai, muulize leo, na umuulize pia mizizi yake ni ya kazi gani. Na akikupigia, pokea.