Waliorudi Mwezi wa Mei

Mei 1990 Serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya mgomo wa wanafunzi, na wanafunzi wakaamriwa warudi makwao. Redio ilisema yake na magazeti yakasema yake. Kwetu Tanga habari tuliiona ikiteremka kwenye mabasi: vijana wenye masanduku ya bati na vitabu vilivyofungwa kwa kamba ya katani, nyuso zao za watu wasiojua wamwambie nini baba. Haikupita muda, kila kibaraza cha Ngamiani kikawa na msomi wake.

Mimi nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na kama wenzangu wote wa mchepuo huo nilikuwa daktari tayari kichwani mwangu. Vijana wa leo wataona ajabu, lakini wakati ule nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Muhimbili yake, na Sokoine cha Morogoro kilichojitenga nacho mwaka 1984. Chuo Kikuu Huria kilikuwa bado hakijaanzishwa. Kuhusu masomo yenyewe tulichokuwa nacho ni kitabu kimoja kilichofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, chenye majina ya kozi na masharti ya kuingia. Hakuna aliyewahi kujua kutokana na kitabu kile mwanafunzi wa uhandisi anakula saa ngapi.

Wanafunzi wa chuo tulizoea kuwaona sikukuu. Walikuja Idi au Krismasi, shati limepigwa pasi, wakitamka "Mlimani" kwa sauti ambayo hawakuondoka nayo nyumbani. Ukiwauliza habari za huko walikusimulia Ukumbi wa Nkrumah na hotuba walizozisikia. Lakini mgeni wa wiki moja si sawa na mtu aliyekaa kwa mama yake mwezi hadi mwezi, anatumwa sokoni, hajui kama chuo kitafunguliwa wala kama jina lake litakuwemo kikifunguliwa. Huyo hana sababu ya kujisifu. Nimefikiri sana kwa nini tuliambiwa ukweli mwaka ule, na sijapata sababu nyingine.

Aliyeitumia nafasi hiyo ni mwalimu wetu wa biolojia, mwanamke mkavu kidogo aliyechukia maneno mengi. Aliwaalika waje darasani Jumamosi asubuhi, na kabla hawajafungua midomo akawapa sharti mbele yetu: "Msiwaambie kozi gani nzuri. Waambieni Jumanne yenu ilikuwaje."

Wa kwanza alikuwa kaka wa uhandisi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitueleza Jumanne yake bila kuipamba: asubuhi mihadhara, mchana karakana, usiku michoro, na michoro ikikosewa inaanzwa upya kwenye karatasi mpya ambayo umeinunua kwa bumu lako mwenyewe, ile posho ya wanafunzi. Miaka minne. Likizo ndefu si likizo, ni mafunzo viwandani. Mojawapo ya mafunzo hayo aliyafanyia katika kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilometa chache kutoka pale tulipokaa. Kijana mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo kaka, hesabu zake ni ngumu?" Akasema, "Hesabu mtaziweza. Tatizo haziishi."

Kisha akazungumzia kudisko. Tulilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza tukacheka, tukidhani ni mambo ya muziki. Yeye hakucheka. Alisema mwaka wake wa kwanza aliishi chumba kimoja na mtu aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake tangu darasa la tano, akashindwa mitihani, akafanya sapu, yaani mitihani ya marudio, akashindwa tena, akaondolewa: huko ndiko kudisko. Yule mtu alirudi kwao akawaambia wazazi yuko likizo, na aliendelea kusema yuko likizo hadi mwaka wa pili. "Sisemi ili mwogope," akasema. "Nasema kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia kwamba mtu aliyefaulu sana anaweza kufeli." Darasa zima lilikaa kimya, hasa wale tuliokuwa wa kwanza kwetu.

Wa sheria alizungumza vizuri kuliko wote na ndiye aliyetufaa kidogo kuliko wote. Sisi tulikuwa watoto wa sayansi, na yeye alikuwa bado anahutubia mkutano wa wanafunzi uliovunjwa Mei. Nakumbuka tu aliposema kuwa kitivo cha sheria ndicho kilichoanza mwaka 1961, chuo kilipokuwa bado mjini, kabla ya kuhamia mlimani. Mwalimu akamkatiza: "Jumanne, baba."

Halafu akasimama dada wa ualimu. Darasani alitueleza mambo ya kawaida: kitabu kimoja kinachohitajiwa na darasa zima, kinaazimwa kwa saa, na ukichelewa foleni umekikosa hadi kesho; somo la maendeleo ambalo kila mtu hulazimika kulichukua, awe mhandisi au mwanahistoria; BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, na jinsi unavyoweza kupelekwa shule ya mbali usikokuwa na ndugu. Alipomaliza akatuambia wasichana, taratibu, tupite kwao alasiri.

Tulimkuta uani anachambua mchele, na mama yake akasogea jikoni kutupisha. Hapo ndipo alipotueleza habari za Mzee Punch, mchezo wa siri wa kuwadhalilisha wanafunzi pale chuoni. Sote tulikuwa tumesikia juujuu, kwa sababu mwezi wa Februari mwaka uleule alifariki Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyejiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa, na magazeti yaliandika. TAMWA, chama cha wanawake waandishi wa habari kilichoanzishwa 1987, kilipaza sauti pamoja na wanawake wengine, na chuo kikapiga marufuku mchezo ule. Lakini gazeti lilikuambia kilichotokea. Dada huyu alituambia namna kilivyofanya kazi.

Yalikuwa maandishi na michoro inayobandikwa ukutani usiku, haina jina la mwandishi. Zamani, alisema, wakubwa zake walimweleza kuwa yalianza kama kejeli kwa viongozi na wenye makosa, watu wakacheka. Baadaye yakageukia wasichana. Msichana aliyemkataa mwanamume fulani, au aliyevaa hivi, au aliyepata alama nzuri, angeamka akute mwili wake umechorwa na watu wamezunguka wanasoma. Na aliyechorwa alitengwa, maana atakayeonekana akizungumza naye huenda kesho akachorwa yeye. "Hilo ndilo linalokumaliza," alisema dada, akiendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Si picha. Ni kuona rafiki yako anapita upande wa pili wa njia."

Mmoja wetu akamuuliza kama basi tusiende. Ndipo akaacha ungo. Alisema yeye atarudi siku chuo kitakapofunguliwa, na akitujibu tusiende atakuwa amewaachia chuo waliombandika mwenzake ukutani. Ila tuende tukijua. Tuulizie bweni la wasichana liko umbali gani na maktaba na njia ina taa au haina. Tupate dada wa mwaka wa juu katika wiki ya kwanza. Tukiandamwa tusinyamaze, na mwenzetu akiandamwa tusivuke njia.

Hakuna mwalimu, mzazi wala kitabu cha kabatini ambacho kingetuambia maneno hayo. Wazazi wetu wengine wangeyasikia wangetuzuia kusoma, na nadhani ndiyo maana alituita uani.

Waliotusimulia hawakupatana. Wa sheria alisema miaka ya Mlimani ni bora kuliko yote maishani. Wa uhandisi akasema anahesabu iliyobaki. Darasa letu lilitaka hukumu, nani mkweli. Mwalimu hakutoa. Miaka mingi baadaye niliposikia maisha ya wale wawili kwa undani ndipo nilipoelewa: mmoja alikuwa na shangazi yake Magomeni aliyempikia wali kila Jumapili na kumfulia, mwingine ndugu yake wa karibu alikuwa Tanga na bumu lake aligawana na wadogo zake. Chuo kimoja, mifuko miwili. Ushahidi wa mtu uupime pamoja na hali ya mtu mwenyewe.

Aliyebadili njia yangu hakuwa miongoni mwa waliofukuzwa Mei. Alikuwa kijana wa misitu kutoka Morogoro, aliyeshuka mjini kutoka Mazumbai, msitu wa Sokoine ulioko Usambara Magharibi, walikokuwa wakifanya mafunzo kwa vitendo. Mwalimu alimnasa kama alivyowanasa wengine. Alianza kwa kusema kwamba hakuchagua misitu. Alitaka udaktari, alama hazikutosha, akapelekwa huko, na mwaka wa kwanza karibu nusu ya wenzake walikuwa na kisa hichohicho na walitembea wamenuna. Mtaani waliwaita mabwana miti. Hakutuficha kuwa alikuwa bado anaona haya kidogo kuwaambia watu anasoma nini.

Kisha akatupa Jumanne yake. Wanapanda mlima alfajiri na utepe wa kupimia. Mti hupimwa mzingo wake kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Unaandika, unakwenda mti unaofuata, mvua inanyesha, karatasi inalowa, unaandika tena. Jioni miguu haina hisia. Alipokuwa anaeleza namna ya kusoma umri wa shamba la miti alisahau kwamba anaona haya. Nilimtazama nikajiambia kwamba mimi, niliyekuwa nikishika pua kila nikipita wodi za hospitali ya Bombo kumpelekea bibi uji, pengine si daktari.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tena mwanzoni mwa 1991 na Tanga ikabaki bila wasomi wake. Nilimaliza kidato cha sita, nikatumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria kama wote wa zama zetu, nikaenda Morogoro kwa hiari yangu, misitu ikiwa chaguo la kwanza. Karani aliyepokea fomu aliniuliza mara mbili kama sijakosea kujaza. Mengi yalikuwa kama tulivyosimuliwa. Moja hakuna aliyetusimulia, kwa sababu hakuna aliyeliona likija: katika miaka hiyohiyo Serikali ilianza kutaka wazazi wachangie gharama za elimu ya juu, na mpaka Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, wengi walikuwa wameshahangaika sana.

Mwaka juzi nilimsindikiza binti wa kaka yangu kwenye maonesho ya vyuo, viwanja vya Mnazi Mmoja. Mabanda mengi, fulana, kalamu za bure, na kila aliyesimama bandani alilipwa atabasamu. Tulipozunguka tukachoka akaniambia, "Shangazi, wote wanasema chao ndicho bora." Nikamwambia awaache. Tulikwenda kwa jirani yetu mwenye mtoto mwaka wa tatu, tukamkalisha na chai, nikamuuliza Jumanne yake. Alitueleza mambo ya hosteli, ya mkopo unaochelewa, ya kozi ambayo mwalimu wake alionekana mara chache, na ya mwalimu mwingine ambaye kwa ajili yake tu angechagua kozi ileile tena. Binti alibadilisha chaguo lake la pili jioni hiyo.

Kwa hiyo ninyi mlioko mwaka wa pili na wa tatu, mnaorudi nyumbani likizo: nendeni shule mlizosoma, muombe saa moja na kidato cha sita kabla hawajajaza maombi. Semeni mnalala wapi, mnakula nini fedha ikiisha, nani alifeli na kwa nini, na msichana anarudije bwenini usiku. Mkiulizwa kuhusu kozi msiyoisoma, semeni hamuijui.