Swali nililolikalisha chini

Bumu halijaingia, kwa hiyo nipo zangu maktaba. Leo nina jambo la kuungama.

Nilipokuwa fildi nikifundisha Baiolojia kidato cha pili, binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, seli tunaziona kwa hadubini. Za ubongo wa mtu aliye hai wanazipimaje bila kumkata?" Sikujua. Nikamwambia, "Haipo kwenye silabasi, kaa." Darasa likacheka. Mpaka naondoka hakuuliza tena.

Jamani, jibu lipo! Mashine ya MRI yenyewe haioni seli moja moja, ila inaweza kufuatilia maji. Molekuli za maji hazitulii. Kwenye joto la mwili, maji yaliyo huru husogea wastani wa mikromita 17 hivi kwa milisekunde 50, ukipima mstari mmoja. Yakiwa ndani ya seli ya upana wa mikromita 10, yatagonga utando na kurudi. Ni kama kumfunga mtu kitambaa machoni na kumwacha azunguke chumbani. Ukimpa sekunde moja hujui chumba kina ukubwa gani. Ukimpa dakika nzima, umbali anaoishia ndio unaokuambia.

Stejskal na Tanner walieleza namna ya kupima mwendo huo mwaka 1965. Yanatumika mapigo mawili ya sumaku: la kwanza linaipa kila molekuli alama ya mahali ilipo, la pili linaifuta. Iliyotulia inafutika vizuri, iliyohama haifutiki, na ishara inapungua. Wataalamu hubadilisha nguvu na muda wa mapigo, kisha hukokotoa ni ukubwa gani wa seli ungetoa ishara kama hizo.

Ni makadirio lakini, siyo rula. Utando hupitisha maji kiasi, seli hazilingani, na nyuzi za neva zenye upana wa mikromita 1 hivi ni nyembamba mno kwa mashine za kawaida za hospitali.

Yote haya nimeyaandika kwenye barua ya ukurasa mmoja kwa lile darasa. Mstari wa kwanza unasema: swali lilikuwa zuri, asiyejua ni mimi. Nimeufuta mara mbili, nimeurudisha. Kesho naituma kabla sijaufuta tena.

Walimu watarajiwa wenzangu, nyie mmewakalisha wangapi?