Kizuri Hakikosi Ila

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye kila asubuhi huja shuleni kwa miguu na jioni hurejea kwao kuteka maji na kupika. Mwaka huu sitaandika juu ya mihadarati wala umuhimu wa elimu, kwa maana wenzangu wameyaandika hayo vizuri kuniliko. Nataka tuzungumze juu ya kioo cha simu. Usicheke! Kioo kimoja nusura kiwakosanishe kabisa watu wawili wa mtaa wetu, mmoja wao akiwa mama yangu mzazi, na nilipofuatilia kiini cha ugomvi huo nilijikuta katikati ya somo la Kemia.

Mama ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, karibu na steji ya matatu. Simu yake ya kazi aliinunua ikiwa imetumika, lakini kioo chake kilikuwa cha kupendeza ajabu: weusi wake mweusi kama masizi, na rangi zake ziking'aa kama kitenge kipya. Kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku, kioo hicho kilionyesha ukurasa mmoja tu, yaani daftari lake la hesabu, na juu ya ukurasa jina la kibanda kwa herufi nyeupe nene. Mama hakuizima kamwe. Alisema mteja akiona simu imelala hudhani hakuna pesa.

Betri ilipoanza kufura, mama aliipeleka simu kwa fundi wa pale pale steji, kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa hapa shuleni kwetu. Betri ikabadilishwa, mambo yakawa shwari. Wiki tatu baadaye mama akaona madoa ya manjano kwenye kioo, kama kivuli kisichotaka kuondoka. Moja kwa moja akaenda kwa fundi.

"Kijana wangu, nilikuletea simu ikiwa na kioo kizima. Hiki ulichonirudishia ni cha nani?"

"Mama, naapa sikukigusa. Nilibadilisha betri tu. Kioo chako kimeungua."

"Kimeungua? Kwani nilikiweka jikoni?"

Watu wakacheka, lakini fundi hakucheka. Si mnajua mambo ya steji? Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kwa wauza mahindi na makanga wote: ati fundi huiba vioo vizuri na kurudisha vikuukuu. Wateja wakaanza kumpita kama hawamwoni. Jina la mtu likishachafuka pale steji, hata mvua ya masika haiwezi kuliosha. Nyumbani mama naye alikuwa na uchungu, kwa sababu simu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo yangu. Mimi nilijiuliza swali moja tu: kioo huungua vipi pasipo moto?

Bahati nzuri, wakati huo tulikuwa tumeanza kusoma kemia ya kaboni, ile ya methani, ethini na jamaa zao. Nilimwuliza mwalimu swali langu baada ya kipindi. Hakunifukuza. Alichora duara ubaoni, akanielekeza la kusoma, nami nikasoma kwa juma zima. Haya ndiyo niliyoyapata.

Vioo vya simu ni vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ina taa nyuma yake, na mbele ya taa hiyo kuna vijidirisha vinavyofunguka na kufungika. Hata panapoonekana peusi, taa bado inawaka kule nyuma. Namna ya pili haina taa nyuma. Kila kidonge cha rangi huwaka chenyewe, na panapotakiwa weusi kidonge huzimwa kabisa. Ndiyo maana weusi wake ni wa kweli. Vioo hivi vya pili huitwa oledi, na cha mama kilikuwa hivyo.

Kinachowaka ndani ya oledi ni molekuli zenye kaboni, jamaa wa mbali wa zile tunazochora daftarini. Hapo nilishangaa, maana sote tunajua plastiki na nta hazipitishi umeme. Lakini jambo hili lina historia ndefu. Mwaka wa 1963 Martin Pope na wenzake katika Chuo Kikuu cha New York walipitisha umeme katika fuwele ya anthrasini, kitu kinachopatikana katika lami ya makaa ya mawe, nayo ikatoa mwanga. Taabu ni kwamba ilihitaji mamia ya volti. Nani angebeba simu ya volti mamia mfukoni?

Ufumbuzi ulipatikana mwaka wa 1987. Ching Tang, mzaliwa wa Hong Kong, na mwenzake Steven Van Slyke walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani. Badala ya fuwele nene, walipaka tando mbili nyembamba mno, moja juu ya nyingine. Tando hizo mbili kwa pamoja hazikufika unene wa nanomita 200. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni, na unywele wako mmoja una nanomita makumi ya maelfu. Kwa wembamba huo, volti zisizofika 10 zilitosha kuwasha mwanga wa kijani. Mwaka wa 1990 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, wakaonyesha kwamba hata plastiki ya namna fulani inaweza kuwaka. Mwaka wa 1997 Pioneer ikatia kioo cha aina hii kwenye redio ya gari, na mwaka wa 2007 Sony ikauza televisheni ndogo ya inchi 11. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa, mwanga wenyewe hutokaje? Upande mmoja wa utando huingiza elektroni. Upande wa pili huondoa elektroni na kuacha nafasi tupu. Elektroni na nafasi husafiri kuelekeana, mithili ya wachumba waliopangiwa mahali pa kukutana. Zikikutana ndani ya molekuli, molekuli hiyo husisimka, kisha hutulia, na katika kutulia huko hutema chembe ya mwanga. Rangi ya mwanga hutegemea umbo la molekuli. Mkemia akibadilisha umbo, rangi nayo hubadilika.

Lakini kuna hasara. Zikikutana mara 4, kwa wastani mara 1 tu ndiyo hutoa mwanga kwa urahisi. Mara 3 zinazobaki, nguvu hufungika ndani na kupotea kama joto. Mwaka wa 1998 Stephen Forrest, Mark Thompson na wenzao huko Marekani waliokoa hasara hiyo kwa kutumia molekuli zenye metali nzito katikati, kwanza platini, na muda mfupi baadaye iridiamu. Mwaka wa 2012 Chihaya Adachi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha njia nyingine isiyohitaji metali ya bei ghali kama hiyo.

Nyekundu ikanufaika, kijani ikanufaika. Buluu ikabaki nyuma. Na hapa, msomaji wangu, ndipo palipokuwa na ufunguo wa ugomvi wa steji.

Wimbi la mwanga mwekundu lina urefu wa nanomita 620 hivi, la kijani 530 hivi, na la buluu 460 hivi. Wimbi likiwa fupi, nguvu yake huwa kubwa. Kwa hiyo molekuli inayotoa buluu lazima ibebe nguvu nyingi kuliko wenzake kila inaposisimka. Nguvu hiyo hukaribia kiasi kinachoweza kukata viungo baina ya atomi zake. Nyingi hutulia salama, chache huvunjika, na iliyovunjika haiwaki tena. Leo chache, kesho chache, mwisho kidonge cha buluu huwa hafifu kabla ya kile cha kijani na chekundu. Watengenezaji wanalijua hilo. Baadhi yao hukifanya kidonge cha buluu kuwa kipana kuliko kile cha kijani ili kisilazimike kuwaka kwa nguvu nyingi mno.

Basi fikiria herufi nyeupe. Nyeupe ya kioo si rangi moja, ni nyekundu, kijani na buluu zikiwaka pamoja. Herufi ikikaa pale pale kwa miezi, buluu yake huchoka, na kinachobaki ni nyekundu na kijani, ambazo kwa macho yetu huwa manjano. Kumbe kivuli kile cha manjano kilikuwa kinasema kitu!

Nilimweleza mwalimu nilichofikiri. Akaniambia, "Usibishane na mtu. Kithibitishe." Usiku huo nikaiomba simu, nikafungua picha ya kijivu tupu iliyojaa kioo kizima, nikazima taa ya chumba. Mama akainama kutazama. Polepole, kwa manjano hafifu, tukaanza kusoma: herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lilikuwa jina la kibanda chake mwenyewe.

Kioo cha mtu mwingine kingebeba alama za mtu mwingine. Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema tu, "Mwanangu, washa taa."

Asubuhi yake alibeba chupa ya chai na maandazi manne hadi kwenye meza ya fundi. Hakutoa hotuba. "Kijana wangu, kunywa chai," alisema, halafu akainua sauti isikike hadi kwa makanga: "Kioo ni changu! Hakikubadilishwa!" Fundi aliitikia, "Asante sana, mama," akainamisha kichwa akawa anapuliza chai ambayo nadhani haikuwa na moto wa kupulizwa. Siku chache baadaye aliniomba nimchoree tando za oledi nyuma ya karatasi ya risiti. Hata sasa ameibandika ukutani, na mteja akilalamika humwonyesha.

Kioo kipya hakikununuliwa. Bei tuliyoambiwa ilikaribia bei ya simu nzima. Mama bado anatumia kile kile chenye kivuli, ila amepunguza mwangaza wake, ukurasa wa daftari ameugeuza uwe mweusi wenye herufi za kijivu, na simu hulala pasipo mteja. Nawe msomaji, kama simu ya nyumbani kwenu ni ya oledi, fanya vivyo hivyo. Tena ukiiangusha ikapasuka, usishangae ukiona doa jeusi kama wino linasambaa. Molekuli hizi zinaogopa hewa na maji, ndiyo maana hufunikwa kwa uangalifu mkubwa. Na unaponunua simu iliyotumika, itazame kwanza kwenye picha ya kijivu kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Labda utaniuliza: kama buluu ina taabu hivi, zile balbu za LED zinazotumia umeme kidogo, na taa za sola tunazosomea, hudumu vipi? Hizo hazitumii molekuli za kaboni. Buluu yake hutoka katika fuwele ya galiamu na naitrojeni. Hata hiyo iliwachelewesha wataalamu miaka mingi, hadi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoishinda katika miaka ya 1990 hivi, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Kwa oledi kuna uzuri mwingine: taa yake inaweza kuwa kibamba chembamba chenye mwanga mpole usioumiza macho. Mwaka wa 2016 magari machache ya Ujerumani yalianza kuitumia katika taa za nyuma. Lakini bei yake bado iko juu, na buluu ni mojawapo ya sababu zinazowakosesha wataalamu usingizi.

Sisi wa shule ya kutwa tumezoea kuambiwa kuwa sayansi ilishamalizwa na watu wa mbali, kazi yetu ni kukariri. Si kweli. Mahali fulani katika familia hii ya kaboni, ambayo mwalimu ametuanzishia kwa methani, huenda ipo molekuli inayoweza kuwaka buluu kwa nguvu zote na kudumu miaka mingi bila kuchoka. Nyekundu ina yake, kijani ina yake. Ya buluu inatafutwa katika maabara kubwa kubwa, na wanaoitafuta nao walianza kwa kuchora atomi za kaboni daftarini.

Wino unaniishia, na kengele ya jioni imelia. Wenzangu wa kidato cha tatu, Jumatatu tuna mtihani wa kemia ya kaboni. Tusiukimbie. Kwaherini.